Upawa wa Filda na Kilo Mia za Aloyo

Nyumba ya Filda pale Kawempe haikuwa na mlango uliojua kufungwa. Aliyepita alisalimu, aliyesalimu alikaa, na aliyekaa alikula. Filda alipenda hivyo. Watu wakiwa wachache ndani, alisema nyumba inamwasha ngozi.

Kila jioni jikoni kwake palikuwa na sufuria tatu. Moja ya posho, yaani ugali. Moja ya maharagwe. Ya tatu ilikuwa ya mboga za majani zilizotiwa odii. Odii ni karanga na ufuta vilivyokaangwa, vikasagwa pamoja mpaka vikalainika kama siagi. Filda aliisaga kwa mkono wake na kuiuza kando ya barabara. Hakuna mtu aliyethubutu kusifia odii ya mwingine yeye akiwa karibu.

Chakula kikiiva, Filda alishika upawa wake wa mti. Upawa huo alikuja nao kutoka Kitgum, mwaka aliomfuata mumewe mjini. Alipakua kwa mpangilio uleule siku zote. Kwanza mgeni. Kisha mumewe, Sajini Ojera, polisi mstaafu ambaye mpaka leo alikaa kwenye kiti kama yuko zamu. Kisha wanaume wengine na watoto wa jirani. Mwisho kabisa, yeye na binti yake Aloyo.

"Mtu akitoka kwangu," alipenda kusema, "lazima mkanda wake umbane."

Mgeni asiyekosa alikuwa Wanyama, Mkenya aliyeuza viatu vya mitumba sokoni Nakivubo. Alipanga chumba nyuma ya nyumba yao. Kila jioni alikuja "kusalimia tu". Alikuwa amesalimia kwa miaka miwili.

Aloyo alikuwa na miaka ishirini na sita, naye pia polisi, konstebo. Mabega yake yalikuwa mapana kama ya baba yake. Alibeba madumu mawili ya maji, moja kila mkono, toka bombani mpaka nyumbani bila kupumzika, huku akipiga soga njia nzima. Majirani walitoka nje kumtazama. Filda naye alitoka nje kutazama jinsi wanavyomtazama.

Mara nne kwa wiki, baada ya kazi, Aloyo alipitia Kisenyi kwenye jimu ya Sulaimani. Jimu hiyo ilikuwa nyuma ya gereji. Mtaimbo wa kunyanyulia ulikuwa ekseli ya lori. Mizigo ilikuwa magurudumu ya chuma yaliyotoka kwenye injini mbovu. Sulaimani aliyapima moja moja kwenye mizani ya vyuma chakavu, akaandika kilo zake kwa rangi nyeupe.

Mwaka ule ikaja habari nzuri. Kambi za polisi zingeshindana kunyanyua vyuma, na wanawake nao wangekuwa na timu. Kambi ya akina Aloyo ilitafuta mwanamke mmoja wa uzito wake, kilo sitini. Mchujo ulikuwa baada ya wiki kumi. Wa kuchaguliwa lazima anyanyue kilo mia kutoka chini mpaka asimame wima.

Aloyo alikuwa amefika tisini. Hapo akakwama. Mwezi mzima chuma hakikuongezeka.

"Kilo kumi tu, konstebo," baba yake alisema.

"Baba, hizo kilo kumi ziko na kichwa ngumu."

Filda hakusubiri mchujo. Alishatangaza kanisani, bombani na kwa muuza makaa. "Binti yangu atavaa jezi ya kambi," alisema. "Andaeni vigelegele."

*

Jumamosi moja Aloyo aliingia na kopo jeusi, kubwa kama ndoo ya mtoto. Juu yake palikuwa na picha ya mwanamume asiye na shingo.

"Huyu ni nani?" Filda aliuliza. "Na shingo yake ilikwenda wapi?"

"Ni protini, Mama. Unga wa misuli."

"Misuli inakuja kwa unga?"

"Jimu nzima wanatumia. Wanasema bila hii unatoka jasho bure."

Wanyama alikuwa kwenye sahani yake. Akatikisa kichwa kukubali. "Ni ukweli, Mama. Kule Nairobi watu wa jimu hawagusi ugali. Ugali unaleta tumbo."

Aliyasema hayo akiwa na tonge la posho shavuni.

"Na hilo la kwako limeletwa na nini?" Sajini Ojera aliuliza.

"Mzee, hili ni la ukoo."

Aloyo alichota unga, akautikisa ndani ya chupa ya maji, akanywa akiwa amesimama. Sahani yake ilibaki mezani.

"Posho sitakula tena mpaka mchujo," alisema. "Jioni nitakunywa hii. Na asubuhi."

"Na maharagwe?"

"Maharagwe ni chakula ya kawaida, Mama. Mimi sasa natafuta kitu ya nguvu."

Filda aliweka upawa chini. "Banange! Nguvu? Baba yako kwa maharagwe haya haya alibeba gunia la mahindi toka sokoni mpaka kituo cha polisi. Na mwizi wa gunia akiwa amening'inia juu yake!"

"Mwizi alikuwa mdogo," Ojera alisema kwa unyenyekevu.

Hakuna aliyecheka. Aloyo aliosha chupa yake, akaenda kulala. Filda akabaki akitazama sahani ile iliyojaa. Katika nyumba yake, sahani haikuwahi kurudi jikoni ikiwa na chakula.

Habari za Kawempe hazihitaji redio. Kufikia Jumatatu muuza makaa alikuwa anazo.

"Nyabo Filda, nasikia Aloyo amesusa chungu chako?"

"Nani amesema?"

"Si watu tu."

Filda alitembea mpaka nyumbani na roho ikimchoma. Alilea watoto watano kwa chungu kile. Leo binti yake mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwona kama tangazo la mapishi yake, amekikimbia kwa ajili ya mtu asiye na shingo.

Wiki tatu zikapita hivyo. Aloyo alikuwa anakunywa unga asubuhi na jioni. Sare ikaanza kumpwaya kiunoni. Alikuwa mwepesi wa hasira. Siku nyingine alirudi kazini akasinzia kwenye kiti, buti zikiwa mguuni. Akiulizwa, alijibu: "Ni mwili unazoea."

*

Filda akaona asisimuliwe tena. Alichukua kopo dogo la odii kama zawadi, akajifunga kitambaa kizuri kichwani, akaenda Kisenyi kujionea.

Alivuka mafundi waliolala chini ya magari, akapita ukuta wa mabati, akafika. Watu wapatao kumi walikuwa wakihema na kulalamika. Sulaimani, mwenye jimu, alikuja akifuta mikono. Alikuwa mtu mfupi, mnene wa mikono, mwenye kofia ya kufuma.

"Karibu, Mama. Wewe ndio ulizaa hii mashine?"

"Mimi mwenyewe," Filda alisema, na kifua kikampanda. "Nilizaa saa kumi na moja asubuhi, saa tano nikarudi shamba."

"Sasa naelewa. Kaa hapa, uone."

Aloyo alimwona mama yake, akatabasamu kidogo. Akainama kwenye ekseli. Kilo themanini zikapanda, lakini magoti yalitetemeka. Sulaimani akaongeza gurudumu moja kila upande. Zikawa tisini.

Aloyo alivuta. Chuma kikaacha ardhi. Kikafika magotini. Kisha uso wake ukabadilika rangi kama majivu, macho yakapoteza nuru, na mikono ikaachia. Ekseli ikapiga chini, vumbi likaruka. Sulaimani alimdaka mabegani, akamkalisha.

"Umekula nini leo?" alimwuliza.

"Protini."

"Na nini?"

"Na maji."

Sulaimani alimgeukia Filda, akazungumza kwa sauti ya chini. "Mama, mimi najua vyuma. Chakula sijui, siwezi kukudanganya. Lakini mwezi uliopita huyu alikuwa anabeba tisini kama amebeba kikapu. Leo hata tisini zimemkataa. Wiki saba zimebaki. Akiendelea hivi ataumia. Afadhali atoe jina lake kwenye mchujo."

Aloyo alisikia. Akageuza uso ukutani.

Filda alikuwa na maneno tayari. "Si nilikuambia?" yalishafika kwenye meno. Akamtazama binti yake alivyouelekea ukuta. Akayameza.

"Hakuna kutoa jina," alisema. "Tunakwenda nyumbani. Kuna mtu wa kumwuliza."

*

Mtu huyo alikuwa Sista Ajwang. Alikaa mlango wa tatu toka kwa Filda. Alikuwa Mjaluo wa Kisumu, muuguzi, na kila wiki alifundisha akina mama habari za lishe kwenye kituo cha afya. Alijua pia umbea wote wa mtaa, kwa hiyo Filda alimheshimu mara mbili.

Jumapili mchana alikuja. Wote walikuwepo: Aloyo, Sajini Ojera, na Wanyama, ambaye alikuwa amekuja kusalimia.

Filda alilisukuma kopo jeusi mbele. "Sista, mwambie huyu mtoto kwamba hii ni sumu, tumalize."

"Mama Aloyo, siwezi kusema hivyo. Sio sumu."

Wanyama akajiweka sawa kitini kama mtu aliyeshinda kesi.

"Protini ni kama matofali ya mwili," Sista Ajwang aliendelea. "Mtu akinyanyua vyuma, misuli inachoka na kuumia kidogo kidogo. Halafu akipumzika, mwili unaitengeneza iwe na nguvu zaidi. Matofali ya kutengenezea ndio protini."

"Na matofali yako ndani ya kopo," Wanyama alisema.

"Yako ndani ya kopo. Na ndani ya maharagwe yako, na yai, na maziwa, na nyama, na mukene, wale dagaa wadogo, na odii. Anayekula vizuri hana haja ya kopo. Hebu tusome."

Aligeuza kopo, akaonyesha maandishi madogo nyuma. "Aloyo, uliwahi kusoma hapa?"

"Nilisoma mbele tu, Sista."

"Mbele ni picha. Ukweli uko nyuma. Ona orodha ya vilivyomo. Kinachoandikwa kwanza ndicho kingi kuliko vyote. Soma."

Aloyo alisoma. Akasita. "Sukari."

"Eh!" alisema Sajini Ojera.

"Ona sasa, kijiko kimoja kina protini gramu ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Hizo ni kama mayai mawili. Mayai mawili tu, konstebo." Aliliweka kopo chini taratibu. "Sisemi kila unga ni mbaya. Kuna unga mzuri. Mgonjwa asiyeweza kutafuna, au mtu wa safari asiyepata chakula, unaweza kumsaidia. Lakini hata mzuri ni chakula tu, sio dawa. Mwenye ugonjwa wa figo asiuguse kabla ya kumwona daktari. Na wewe ni mtu wa mashindano. Kopo usilojua limetoka wapi linaweza kuwa limechanganywa na dawa iliyokatazwa."

Aloyo aliinamisha kichwa. "Lakini Sista, kwa nini nilianguka? Protini nilikunywa."

"Kwa sababu ulinunua matofali ukamfukuza fundi. Posho, matoke, viazi, hivyo ndivyo vinakupa nguvu ya kufanya kazi. Uliacha vyote. Gari lina injini nzuri, wewe umekausha mafuta."

Filda alipiga makofi. "Sema tena, sauti ifike kwa muuza makaa!"

Sista Ajwang akaomba vizibo vya soda. Nyumba ile haikukosa vizibo. Alihesabu tisa na kuvipanga mezani.

"Kila kizibo ni gramu kumi za protini. Mtu wa uzito wako anayenyanyua vyuma anahitaji kama gramu moja na nusu kwa kila kilo yake. Wewe ni kilo sitini. Kwa hiyo ni tisini kwa siku. Vizibo tisa. Ukizidisha sana, misuli haiongezeki. Ziada inatumika kama nguvu au inageuka mafuta. Sasa, jana ulikula nini?"

"Unga asubuhi, kijiko kimoja. Chai kavu na chapati mchana. Unga jioni."

Sista alivuta vizibo vitatu upande. Sita vikabaki vimekaa peke yao.

"Hiyo ni ya kopo," Filda alisema kwa ushindi. "Kabla ya kopo alikula kwangu kila siku. Posho na maharagwe! Na vikiliwa pamoja si ndio vizuri?"

"Vizuri kabisa. Kinachopungua kwenye posho kiko kwenye maharagwe." Sista Ajwang aliinamisha kichwa upande. "Lakini Mama Aloyo, alikwama kwa kilo tisini kabla ya kopo. Sio?"

Filda aligeuzia macho sufuria.

"Sufuria iko tayari? Basi tupakulie. Kama siku zote. Usibadilishe kitu."

Filda alishika upawa wake. Hapo ndipo alipokuwa malkia, na alipakua kwa mkono wa kujiamini. Sista alikuwa mgeni, akapata wa kwanza. Upawa ulizama mpaka chini, ukaja na mlima wa maharagwe. Wanyama, mlima. Sajini Ojera, mlima, na yai la kuchemsha juu yake. Wanyama naye akapewa yai. Watoto wawili wa jirani walikuwa wamechungulia mlangoni. Wakapakuliwa. Mwisho ikaja sahani ya Aloyo. Posho, kipande kikubwa. Kisha upawa ukaelea juu ya sufuria na kuja na supu nyekundu, nzuri, yenye harufu ya kitunguu.

"Simama hapo," Sista Ajwang alisema. "Wanyama, hesabu maharagwe ya Aloyo."

Wanyama aliinama juu ya sahani. Alihesabu kwa kidole.

"Ngapi?"

"Kumi na moja, Sista."

Filda alitazama sahani ya Wanyama, akatazama ya Aloyo. Akatazama upawa kana kwamba umeshikwa na mkono wa mtu mwingine.

"Na yai?" Sista aliuliza polepole.

"Mayai ni ya wanaume," Filda alijibu. Neno lilitoka lenyewe, kabla hajalifikiria.

"Nani alisema?"

"Mama yangu." Filda alikaa chini. "Kwetu mwanamke hakula yai. Mimi sijakula hata moja. Lakini Aloyo sikumkataza, Sista! Sijawahi kumkataza. Ni mkono tu. Mkono unaruka."

"Najua. Hukumnyima kwa roho mbaya. Ulijaza nyumba, ukamsahau aliye karibu zaidi." Sista Ajwang alimshika bega. "Na wewe mwenyewe pia. Sahani yako huwa na nini?"

Filda alicheka kidogo bila furaha. "Ninakwangua sufuria."

"Aloyo hakukosea kuona kwamba kuna kitu kinapungua. Alikosea mahali pa kukitafuta."

"Kwa hiyo chungu changu hakina kosa."

"Hakina. Ni chungu kizuri kuliko vingi nilivyoona."

"Kosa ni upawa."

"Na sisi," alisema Sajini Ojera. Alivuta yai kutoka sahani yake na kulihamishia kwa binti yake. "Sisi tuliokuwa tunakula mlima, tukanyamaza. Konstebo, samahani."

Aloyo alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati. Wanyama alitazama yai lake. Alilitazama kwa uchungu wa kweli. Kisha naye akalihamisha.

*

Kuanzia jioni ile, upawa wa Filda ulijifunza njia mpya. Ulizama mpaka chini kwa kila sahani, iwe ya mgeni, iwe ya mwenyeji, iwe ya mwanamume au mwanamke. Maharagwe yalipopungua kwa wageni, Filda aliongeza kikombe kingine kwenye sufuria kabla ya kuiinjika. Mkono bado uliruka siku nyingine. Hapo Sajini Ojera alikohoa kikohozi cha paredi, na upawa ukarudi chini.

Vizibo tisa vilibaki dirishani. Kila jioni Aloyo alivipanga. Mayai mawili ya asubuhi, kizibo kimoja na kidogo. Kikombe kimoja na nusu cha maharagwe mazito, viwili. Mukene mkavu wa kujaa kiganja, karibu viwili. Maziwa bilauri mbili, kimoja na nusu. Odii juu ya kiazi kitamu, kimoja kasoro kidogo. Posho yenyewe, kimoja. Vingine vya siku, uji na chapati, vilimalizia cha tisa.

"Nyama iko wapi?" Wanyama aliuliza.

"Jumapili," Filda alijibu. "Na mukene ataisha kama hakuna mtu wa Nakivubo anayekumbuka kupita sokoni."

Wanyama alielewa. Kesho yake alikuja kusalimia akiwa na mfuko wa mukene, na tangu siku hiyo hakuja tena mikono mitupu. Watu walisema miaka miwili ya salamu imeanza kulipiwa. Ni maneno yao, si yangu.

Jambo gumu lilikuwa usingizi. Sista Ajwang alikuwa amesema misuli inajengwa mtu akilala, hivyo Aloyo alihitaji saa nane. Basi saa tatu usiku Filda alisimama, akakung'uta kanga yake na kusema, "Kale, haya basi, mashujaa, mtaa unawaita." Wageni wakatoka. Mlango ukafungwa. Kawempe ilishangaa kuliko siku ya mafuriko.

Wiki ya pili Aloyo alinyanyua tisini bila kutetemeka. Wiki ya tano, tisini na tano. Sulaimani alimpigia Filda simu kutoka Kisenyi, akipiga kelele juu ya kelele za gereji.

"Mama! Unampa nini huyu?"

"Chakula!"

"Chakula gani?"

"Ile ya kawaida!" Filda alisema, na alihakikisha muuza makaa anasikia.

*

Siku ya mchujo Filda alifika kambini saa mbili asubuhi, akifuatana na nusu ya mtaa wake. Sista Ajwang alikuja. Wanyama alifunga kibanda, Sulaimani akafunga jimu. Sajini Ojera alivaa koti lake lenye vifungo vya shaba, na askari vijana waliokutana naye getini walijikuta wamesimama wima bila kuamriwa.

Wanawake watatu walishindania nafasi moja. Wa kwanza alifika tisini na tano akaacha. Wa pili alijaribu mia mara tatu, ikamkatalia magotini. Zamu ya Aloyo ikafika. Alijipaka vumbi jeupe la chaki mikononi. Akatazama watu, akamtafuta mama yake, akampata.

Mara ya kwanza chuma kilipanda mpaka mapajani, kikateleza.

"Bado mbili," Sulaimani alimwambia. "Pumua. Umekula?"

"Nimekula."

"Basi mbona unaogopa?"

Aloyo aliinama tena. Akavuta. Chuma kikaacha sakafu polepole, kikapita goti, kikagoma kidogo kwenye paja. Uso wake haukuwa na rangi ya majivu. Ulikuwa uking'aa kwa jasho la kazi. Mabega yakarudi nyuma, magoti yakanyooka, na konstebo Aloyo akasimama wima akiwa na kilo mia mikononi, kama mtu aliyesimama na madumu yake mawili akisubiri soga imalizike.

Mwamuzi akainua bendera nyeupe.

Vigelegele vya Filda vilisikika mpaka getini. Sajini Ojera alipiga saluti. Alipiga saluti kwa binti yake mwenyewe, na mkono hakuushusha mpaka Aloyo alipompigia yake.

Baadaye walikaa kwenye nyasi. Aloyo, akiwa na jezi ya kambi begani, alitoa kutoka kwenye begi lake kopo jeusi lenye picha ya mwanamume asiye na shingo. Yule mwanamke aliyeshindwa na kilo mia alisogea haraka.

"Dada, ndio hii unatumia? Niambie inauzwa wapi."

Aloyo alimpa mama yake kopo. "Mwambie, Mama."

Filda alifungua kifuniko taratibu, kama mtu anayefungua sanduku la dhahabu. Ndani palijaa odii, kahawia, yenye kung'aa kwa mafuta yake.

"Ule unga tuliumwaga, tukaosha kopo," alisema. "Hii nimesaga mimi. Kaa, mwanangu. Unakula na kiazi. Na nikueleze habari ya vizibo tisa."

Yule mwanamke akakaa. Wengine wawili wakasogea, na watatu nyuma yao. Filda alihisi nyumba imejaa hata hapo penye nyasi. Akagawa viazi, mkono wake ukapita kwa kila mmoja sawa.

Aloyo alimenya yai la kuchemsha. Akalikata katikati, akalitia chumvi, akanyoosha mkono.

"Mama. Hili ni lako."

Filda alilitazama yai lile. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Amechemsha mayai maelfu, amemenya, amegawa. Akamtazama mumewe. Ojera alikuwa anatazama mawingu kwa bidii sana.

Filda alichukua nusu, akatia mdomoni. Akatafuna polepole, akitazama mbele, kama mwamuzi ambaye bado hajainua bendera. Akameza.

"Ehe?" Sista Ajwang aliuliza.

Filda alijipangusa midomo kwa ncha ya kanga. Kisha akanyoosha kiganja kwa binti yake.

"Nusu nyingine iko wapi?"